Safari ya Kumfuata Aliyekimbia Maji

Tangu nishuke bandarini hapa Kindu, hakuna ndugu aliyenikuta njiani akaniacha nipite na salamu tupu. Wote mnauliza jambo moja: ilikuwaje huko Kisangani, na je, Yosia aliingia majini au hakuingia? Nimechoka kulieleza vipande vipande, nusu kwenye mlango wa kanisa, robo kwenye duka la chumvi, kisha kulisikia likirudi kwangu limeota mkia na mapembe. Kwa hiyo ninaliandika lote kwa utaratibu wake, na atakayeliongeza aliongeze akijua kwamba anasema uongo.

Kwa wasiomfahamu, Yosia ni mtoto wa marehemu dada yangu, nami ndiye niliyemlea. Uasi ulipowaka alijiunga na wale vijana waliojiita Simba, akapigana pamoja nao hadi Kisangani. Uasi ulipovunjika alipata msamaha, akabaki kule akiishi na wavuvi wa Kigenya kando ya maporomoko, akaingia darasa la ubatizo. Ndipo ikanifikia habari kutoka kwa mchungaji wa huko: kijana amefundishwa, amekiri imani, amefikishwa ukingoni mwa mto, na mara tatu amegeuka akakimbia mbele ya kanisa zima. Baraza la wazee limeamua apewe nafasi moja tu. Akikimbia tena, jina lake litafutwa na mlango utafungwa.

Ninyi mnanijua mimi mwalimu wenu wa dini. Nikisikia uvivu wa kiroho huwa ninakasirika kwanza na kufikiri baadaye. Safari hii, hata hivyo, udadisi uliitangulia hasira. Kijana aliyezikimbilia bunduki akiwa na mkuki mkononi anakimbiaje maji yanayomfika kiunoni? Swali hilo ndilo lililonipandisha melini.

Mtoni, kutoka Kindu hadi Ubundu

Kuhusu meli yenyewe nitasema machache, kwa kuwa mwenye meli anaishi miongoni mwetu na ana watoto wa kulisha. Ilikwama kwenye mchanga kabla hatujausahau moshi wa jikoni kwetu. Mabaharia waliruka majini wakaisukuma wakiimba nyimbo ambazo sitazirudia. Ilipoondoka, waliimba nyingine mbaya zaidi kwa furaha.

Jirani yangu sitahani alikuwa mfanyabiashara wa vitambaa aitwaye Bwana Juma, mzee wa zile familia za Waislamu zilizokaa Kisangani tangu enzi za misafara. Ni mtu safi, mwenye maneno ya taratibu, na alinigawia tende zake bila kuniuliza dini yangu. Saa ya sala ilipofika alitandika mkeka, akamwuliza nahodha upande wa mashariki, akaanza. Akiwa katikati ya sala, mto ukapinda, na meli ikapinda nao. Aliporukuu alikuwa ameelekea mashariki. Aliposujudu alikuwa ameelekea msituni, tena bila haraka yoyote.

Alipomaliza sikuweza kujizuia. Nikamwuliza kama sala ile imehesabiwa.

"Mwalimu," akasema huku akikunja mkeka, "Mungu anajua muto iko na kona."

"Lakini sheria ni sheria, Bwana Juma."

"Ndiyo, na mimi nilianza nayo. Kona haikuwa yangu." Akanitazama kwa jicho la kucheka. "Weye ungefanya nini? Ungezunguka kama kuku mwenye kizunguzungu?"

Nilimweleza habari za Yosia. Akafikiri, akatafuna tende, akatoa hukumu yake: kijana ana bibi wa pili aliyemficha, naye anajua kwamba kanisa litamtaka amwache. "Mutu akikimbia dini," alisema, "tafuta mwanamuke." Niliiandika dhana hiyo moyoni nikiwa na mashaka, maana Yosia hata bibi wa kwanza hajapata.

Relini, kutoka Ubundu

Chini ya Ubundu maji hayapitiki, hivyo abiria hushuka na kupanda treni. Yetu ilikuwa ya kuni na haikuwa na kuni. Tulikaa stesheni hadi wanaume walipokubali kwenda kukata miti, kila mmoja akimtazama mwenzake kwanza. Nilivua koti nikakata. Nilipata malengelenge, na nilipata pia haki ya kuwatazama kwa dharau waliobaki kivulini, haki ambayo niliitumia kikamilifu.

Katika behewa letu alikuwamo mama mnene mwenye kikapu cha kwanga, ile mikate ya muhogo iliyofungwa kwenye majani, na watu wote walimwita Mama Kwanga. Alisema bila kupumua. Kuhusu Yosia alikuwa na hakika kabisa, akiniita papa, yaani baba: "Mamba, papa. Anaogopa mamba. Hata mimi ningekimbia. Pasta anakuambia funga macho, mamba yeye hafungi."

Katikati ya msitu treni ikasimama. Wanajeshi walipanda, wakawatenga vijana wa kiume, wakawaamuru kwa Kilingala wavue mashati. Ndugu zangu, mnajua walichokuwa wakitafuta. Simba walichanjwa chale kifuani na kwenye paji la uso, dawa ikasuguliwa humo, kisha wakanyunyiziwa maji ili risasi ziwageukie kuwa maji. Msamaha ulikuwa umetangazwa mjini, lakini huku msituni ulifika ukiwa umechoka, na wengine hawakuusikia kamwe.

Kijana mmoja mwembamba, aliyekaa kimya karibu na dirisha tangu Ubundu, alivua shati. Kifua chake kilikuwa na chale.

Mwanajeshi akamshika shingo. Hapo Mama Kwanga akasimama, kikapu kikaanguka, kwanga zikatawanyika chini ya miguu yetu.

"Mwache mutoto wangu! Hizo chale ni za kikohozi! Nilimuchanja mimi mwenyewe, alikuwa anakohoa damu! Weye mama yako hakukuchanja? Ndiyo maana uko na kifua ya kuku!"

Mwanajeshi akamtazama mama, akamtazama kijana.

"Ni mwana wako?"

"Uniulize tena nikupige na kwanga!"

Mwanajeshi mwenzake akacheka. Mkono ukaachia shingo. Wakashuka, treni ikaondoka, na Mama Kwanga akapiga magoti kuokota mali yake. Nilimsaidia. Nilipokuwa nikimpa kwanga ya mwisho nikamwuliza kwa sauti ya chini mwanawe anaitwa nani.

"Sijui," akasema. "Umuulize yeye."

"Kwa hiyo umesema uongo, mama."

"Mwalimu, alors ulitaka niseme nini? 'Bon, mumuchukue, si wangu'?" Akafuta vumbi kwenye majani. "Sasa ni wangu. Nimeshasema mbele ya batu wote hawa."

"Amekufanyia wema gani?"

Alinikazia macho kana kwamba nimeuliza jambo la aibu. "Hata kwanga hakununua," akasema, akamrushia kijana moja, naye akaila palepale. Sijafaulu hadi leo kulihalalisha tendo lile kwa amri iliyokataza uongo, na sijafaulu kulilaani. Ninalileta kwenu kama lilivyo.

Lubunga, na kuvuka mto

Reli huishia Lubunga, ukingo wa kushoto. Kisangani yenyewe iko ng'ambo. Kivuko kilikuwa kibovu. Nikakaa kwenye benchi la mama lishe nikaomba bukari, ugali wetu. "Papa, huku tunakula lituma," akaniambia, akaniwekea ndizi zilizopondwa zikawa donge, na samaki juu yake. Nilifumba macho nikashukuru kwa urefu unaostahili. Nilipofumbua, samaki hakuwapo. Mtu aliyeketi kando yangu alikuwa akilamba mfupa.

"Pardon, papa," akasema kwa heshima ya kweli. "Nilifikiri umelala."

Mama lishe alicheka hadi akakaa chini, akaniongezea samaki mwingine, akanishauri nisali nikiwa na jicho moja wazi. Nilimjibu kwamba sala ya namna hiyo ni ya paka. Hata hivyo, ninakiri kwamba shukrani ya pili ilikuwa fupi.

Tulivuka kwa mtumbwi. Makiso, katikati ya mji, niliona maduka yenye kuta zilizotobolewa na risasi, na wenye maduka wakiuza vitenge mbele ya matundu hayo bila kuyatazama. Nilipita haraka, nikaelekea kwenye mngurumo wa maporomoko.

Kwa Wagenya

Mwenyeji wa Yosia, Papa Botula, ni mvuvi mwenye mabega mapana na maneno machache. Alinionyesha miti waliyoisimika kwenye mawe katikati ya povu, na mitego mikubwa ya fito iliyofungwa humo, midomo ikiukabili mkondo. Yosia alikuwa huko, akining'inia kwenye kamba juu ya maji ambayo yangemvunja mifupa, akicheka na wenzake. Dhana ya mamba niliifuta papo hapo.

"Ana mwanamke?" nikamwuliza Papa Botula.

"Huyu?" akajibu. "Anaogopa hata shangazi yangu."

Na ya Bwana Juma ikaenda na maji.

Yosia aliposhuka aliniamkia, akakaa mbali kidogo kwenye jiwe. Nilikuwa nimetayarisha hotuba, mnazijua hotuba zangu, lakini nilimwuliza tu: nini kilitokea njiani, siku ile ya kwanza? Nionyeshe hatua kwa hatua.

Akaanza kusimulia. Kanisani kwao wanaobatizwa huvaa nguo nyeupe, hutoka kanisani kwa mstari, na mbele yao hutembea shemasi Barnaba akishika tawi na kupaza sauti: "Musiguse! Wako safi! Musiguse!" Watu hujitenga pande mbili. Hairuhusiwi mtu kuwagusa, wala wao kutazama nyuma, hadi waingie majini.

"Siku ile mulevi mumoja alinishika mukono," Yosia akasema, akiniita tonton, yaani mjomba, kama zamani. "'Félicitations, hongera, ndugu!' Alinipa mukono, tonton. Nikakimbia."

"Na mara ya pili?"

"Mutoto alilia nyuma. Nikageuka."

"Na ya tatu?"

"Kitambaa ya mama mumoja ilinigusa hapa." Akashika kiwiko.

Nikamwambia kwamba kitambaa hakimchafui mtu. Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu anayezungumza na mgonjwa.

"Tonton, weye haukuwa kule. Maji ya daktari wa Simba ilikuwa na sheria. Usimupe mukono mutu asiye na dawa. Usitazame nyuma. Usiguswe na mwanamuke. Mutu akianguka, commandant anasema: alivunja sheria. Na akivunja mumoja, maji inaharibika kwa mustari yote." Akatazama povu. "Karibu na daraja, mama muzee alinipa maji ya kunywa. Nilimushika mukono, nikamwambia aksanti. Asubuhi ile ile batu nane ya mustari yangu walianguka. Mimi nilibaki."

Nilisogea nikakaa kwenye jiwe lake, naye akaendelea.

"Sasa hii maji ya Mungu ni yenye nguvu kushinda ile. Na kila mara iko mutu nyuma yangu kwenye mustari; sasa iko Mama Rebeka. Muzee kabisa, ananiletea ndizi. Kama nikiingia nikiwa nimeguswa, yeye anaingia nyuma yangu katika maji ile ile. Donc ninakimbia. Afazali jina langu ifutwe."

Ndugu zangu, nilisafiri njia yote ile nikimtafuta mwoga, nikamkuta mtu aliyekuwa tayari kupoteza wokovu wake ili kikongwe asidhurike.

Nilimpa fundisho sahihi, na nilimpa kwa makini. Nilimwambia kwamba hatuokolewi kwa usafi tunaoubeba hadi majini. Tunaokolewa kwa kumwamini yule anayetungoja humo, na matendo mema hufuata nyuma kama ndama afuatavyo ng'ombe, hayatangulii. Nilimwambia kwamba dawa yao ilidai mtu asivunje, lakini Kristo huanza na waliokwisha kuvunja, maana wa namna nyingine hawapo.

"Na kisha kutoka majini, nikivunja sheria?"

"Utatubu, utainuka. Maji hayaharibiki, Yosia. Nguvu haiko mikononi mwako."

"Maneno ni mazuri, tonton," akasema. "Kichwa inasikia. Mwili inakataa."

Kwa mchungaji

Jumamosi nilikwenda kwa mchungaji, mtu mpole aliyezeeka katika vita vile. Barnaba alikuwapo. Niliuliza desturi ile ya kutogusa ilitoka wapi, kwa kuwa sikuwahi kuiona katika kanisa jingine lolote.

"Ilianza kisha vita kuisha," akajibu Barnaba. "Batu wenyewe waliitaka. Walisema, maji gani hii haina muiko? Mutu akiingia na kutoka bure, nani ataiheshimu?"

"Kwa hiyo mmeipa masharti ya dawa ili iheshimiwe kama dawa."

"Mwalimu," akasema Barnaba kwa ukali, "kanisa bila sheria ni soko."

Lazima niwe mkweli: siku chache kabla, sentensi hiyo ningeitamka mimi, na kwa sauti kubwa zaidi. Ninapenda mistari iliyonyooka. Jambo lililonishangaza ni kuona sheria nzuri machoni, ya nguo nyeupe na njia safi, ikimfukuza mtu kutoka kwa Mungu kila mara alipokaribia, bila yeyote kukusudia ubaya.

Niliwaeleza anachokiogopa Yosia. Mchungaji alishika kichwa. Alisema hakuwahi kumwuliza. Alidhani ni dhambi ya siri. Nikaomba desturi iondolewe kesho yake, siku ya ubatizo. Wakaita wazee, wazee wakakaa, wakazungumza hadi chai ikapoa, wakakataa. Wakiondoa mwiko ghafla, walisema, watu watasema maji yamepoteza nguvu, na nusu ya darasa haitakuja. Mchungaji alinisindikiza hadi mlangoni.

"Siwezi kuwaamuru wazee," akasema. Kisha akaongeza, bila kunitazama: "Lakini mugeni hajui desturi zetu zote."

Njia ya kwenda majini

Mahali pa kubatizia ni chini ya maporomoko, penye kidimbwi kilichotulia nyuma ya mwamba. Kutoka kanisani ni njia ya kuteremka, na watu walikuwa wameijaza pande zote. Nilisimama karibu na mahali inapopinda.

Kwaya ilianza. Barnaba alikuja na tawi lake: "Musiguse! Wako safi!" Watu wakarudi nyuma, akina mama wakavuta nguo zao, watoto wakabebwa. Nyuma yake walifuata wenye nguo nyeupe mmoja mmoja. Yosia alikuwa wa mwisho ila mmoja; mikono ameikunja kifuani, macho ardhini, akitembea kama apitaye kati ya miiba. Nyuma yake alikuja Mama Rebeka, mdogo, mkavu, akichechemea na kunung'unika juu ya kasi ya mstari.

Sikuwa na hakika. Kama angekimbia kwa sababu yangu, ingekuwa mara ya mwisho, na mlango ungefungwa kwa mkono wangu. Alipofika mbele yangu niliingia njiani nikamshika mkono, mkono wote, kwa nguvu, kama tusalimianavyo hapa kwetu.

Kwaya ikakatika. "Mwalimu!" Barnaba akapiga kelele. "Acha! Umemuharibu!"

Yosia alisimama. Nilihisi mkono wake ukivuta.

"Tonton," akasema polepole, "umenifanya nini?"

"Nimekugusa. Mimi si safi, waulize walionijua. Sasa huna usafi wa kupeleka. Twende hivyo hivyo."

"Na Mama Rebeka?"

"Mwulize mwenyewe."

Hakutaka kutazama nyuma. Mama Rebeka hakungoja aulizwe. "Munasimama kwa nini?" akasema, akamsukuma Yosia mgongoni kwa viganja vyote viwili. "Miguu inaniuma! Endeni!"

Watu wengine walicheka, wengine walishika midomo. Mchungaji, aliyekuwa tayari amesimama majini, alinyoosha mkono tu na kungoja. Barnaba alimtazama mchungaji, akashusha tawi.

Tuliteremka. Sikumwachia, naye hakuniachia, na kwa hiyo niliingia majini na viatu vyangu vya Jumapili, suruali ikanata miguuni. Mchungaji alimwuliza kama anamwamini Kristo peke yake. Yosia alijibu "Ndiyo" kwa sauti ambayo sidhani wa ukingoni waliisikia. Akazamishwa. Aliinuka, akatema maji, na hakufuta macho. Aligeuka mara moja kutazama nyuma.

Mama Rebeka alikuwa akiingia, akimwegemea mchungaji. Yosia alishikilia mkono wangu hadi kucha zikaniingia. Kikongwe alijibu swali lake, akazama, na kwa kitambo maji yalimfunika, na tuliona kitambaa cheupe tu.

Akatoka akikohoa, kilemba kimemwangukia sikioni.

"Baridi!" akalia. Kisha akamwona Yosia aliyemkodolea macho huku akilia waziwazi mbele ya kanisa zima. "Na weye? Unanitazama nini? Songa, nitoke!"